Umeme Ulipokatika, Viuno Vikakosa Wenyewe

Jumatatu, 6 Mei

Ninaandika shajara hii kwa sababu moja tu: nataka pawepo ushahidi. Nikithibitishwa kazini, watatokea watu wa kudai kwamba nilibebwa na Shangazi. Nisipothibitishwa, pawepo maandishi ya kuonyesha walionihujumu ni akina nani. Isitoshe, diski ya kompyuta iliyopangwa vyema ina daftari lake dogo la ndani. Kabla ya kutenda jambo, huliandika kwanza, ili umeme ukikatika katikati ya kazi ijue ilikuwa imefika wapi. Mimi, mwenye shahada, siwezi kuzidiwa utaratibu na diski.

Hali ilivyo. Karakana ya ushonaji ni ya Shangazi, dada yake baba. Ina vyerehani saba, meza moja ndefu ya kukatia vitambaa, pasi mbili na, tangu wiki tatu zilizopita, kompyuta moja na mimi. Kwa kinywa cha Shangazi, cheo changu ni "yule wa kompyuta". Kwa kalamu yangu, ni Msimamizi wa Mifumo. Muda wangu wa majaribio unakwisha tarehe ishirini.

Shangazi amepata kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata: sare za wanafunzi 186 wa chuo cha uuguzi. Walipimwa mmoja mmoja wiki iliyopita, kisha wakatawanywa hospitalini huku na huko kwa mafunzo ya vitendo. Hawarudi chuoni hadi Jumamosi tarehe kumi na nane, ambayo ndiyo siku ya kukabidhi sare. Maana yake hawapimiki tena. Shangazi ameshatuambia kwamba kazi hii ikiharibika chuo kitamtafuta fundi mwingine, naye atarudi kushona mapazia mpaka kaburini.

Leo nimemaliza kuingiza vipimo vyote kwenye kompyuta. Makaratasi ya kupimia nimeyakabidhi mezani kwa mkataji, ayatumie kuchorea kola. Ofisi ya kisasa haifugi makaratasi.

Mkataji huyo anaitwa Mzee Sentimita. Ni jina la utani, kwa kuwa anajisifu hajapoteza hata sentimita moja tangu aoe. Ananichukia kwa sababu meza yangu imechukua nafasi yake ya dirishani. Alikuja kuniuliza, kwa sauti ya kusikiwa na wote, watu wake wamelala vipi humo ndani. Nikamfafanulia kwa heshima: majina yamo katika faili la kwanza, vipimo vimo katika faili la pili, na faili la tatu, liitwalo kiungo, ndilo linalojua kipimo kipi ni cha nani. Ndiyo kanuni. Nilipata alama ya juu katika somo hilo.

Akauliza mtu na kiuno chake wamekosana nini hadi watenganishwe vyumba.

Vyerehani vyote saba vikasimama ili mafundi wacheke vizuri. Sikucheka.

Jumanne, 7 Mei

Umeme ulikatika saa nne na dakika kumi asubuhi, bila hodi wala samahani. Uliporudi, kompyuta ilitumia nusu saa nzima kujikagua faili baada ya faili, kama mtu aliyeanguka anayepapasa mifuko. Hakuna kilichopotea. Lakini mtu wa elimu hasubiri nyumba iungue ndipo anunue ndoo.

Nilimwendea Shangazi na hoja iliyopangwa vizuri. Nikamweleza kwamba umeme ukikatika wakati diski inaandika, faili hubaki nusu, na faili nusu ni sawa na shati lisilo na mgongo. Mfano wa shati ulimwingia. Akatoa idhini ninunue yupiesi, yaani sanduku la betri linaloipa kompyuta pumzi ya dakika kumi ili tuhifadhi kazi na kuizima kwa adabu.

Saa tisa limewasili. Zito, jeusi, la kuheshimika! Lina soketi sita nyuma: tatu kushoto, tatu kulia. Nimechomeka kompyuta kulia, kwa kuwa upande huo waya unalala vizuri kando ya ukuta. Kijitabu cha maelekezo nimekikunja mara nne na kukiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa ukiyumba. Meza haiyumbi tena.

Kwa kuwa sasa tuna betri, nimefanya jambo la pili, la kitaalamu zaidi. Kwa kawaida kompyuta ikiambiwa ihifadhi, husubiri mpaka diski iwe imeandika kweli. Nimeiondolea woga huo. Sasa husema "imehifadhiwa" papo hapo, kisha huandika kwa wakati wake. Palitokea onyo kwamba nisifanye hivyo ila nikiwa na betri ya kutegemewa. Ninayo. Kasi imeongezeka mno!

Binamu yangu, binti wa Shangazi, mwendeshaji wa cherehani cha vitundu vya vifungo, alisimama nyuma ya kiti changu. Akasema kaka, nikupe flashi yangu unakili vitu vyako, maana huwezi kujua. Flashi hiyo imejaa video za harusi za rafiki zake. Nilimshukuru kwa upole unaostahili. Nikamwonyesha kwamba nakala ninayo tayari: folda iitwayo AKIBA SALAMA KABISA, ndani ya diski ileile. Akiba njema hukaa karibu na mwenyewe.

Akairudisha flashi mfukoni huku akitikisa kichwa. Wivu.

Jumatano, 8 Mei

Hujuma!

Saa tano kasoro robo umeme ulikatika. Vyerehani kimya. Taa kimya. Nikaegemea kiti, mikono kifuani, nikisubiri karakana nzima ishuhudie kompyuta yangu ikiendelea kuwaka.

Ikazimika kama wenzake.

Sanduku lilikuwa likipiga kelele kama limekanyagwa mkia. Na mbele yangu, nasema mbele yangu, feni ya Mzee Sentimita ilikuwa ikizunguka kwa raha zake zote, shati lake likipepea kama bendera. Alikuwa ameichomeka kwenye soketi za kushoto bila ruhusa, bila barua, bila hata kuniaga! Akaniambia sanduku hili ni la maana kweli, nimefanya vyema kumnunulia.

Ni wazi kwamba feni ilinyonya nguvu yote ya kompyuta. Nimebandika tangazo: NI MARUFUKU KUCHOMEKA KIFAA CHOCHOTE KISICHOIDHINISHWA NA MSIMAMIZI WA MIFUMO. Sentimita akadai hasomi bila upepo.

Saa nane mchana umeme ukakatika tena. Feni imeondolewa. Kompyuta imezimika! Safari hii kwenye soketi za kushoto palikuwa na chaja ya simu ya Binamu, na simu ilikuwa inaendelea kujaa kama mtoto aliyeshika ziwa. Chaja nayo! Nimezungukwa na wezi wa umeme, wengine wa damu yangu.

Shangazi alipita akaniuliza baba, mbona kila kinachochomekwa hapo kinaishi ila hicho ulichokinunulia? Nikamjibu kwamba hilo ni swali la kitaalamu. Akajibu ndiyo maana ameniuliza mimi.

Kisha akatamka neno lililonichoma. Alitaka vipimo vyote vichapishwe kwenye karatasi kabla ya kesho jioni, aweke kabatini, alale usingizi. Karatasi! Nimeahidi kumwonyesha kesho, hadharani, kwamba karatasi haina kazi tena duniani.

Alhamisi, 9 Mei

Naandika haya nikiwa stoo, juu ya gunia la vipande vya vitambaa. Hakuna anayesema nami.

Nianze na yaliyokwenda sawa. Maandalizi yalikuwa kamili. Niliondoa kila kitu kwenye soketi za kushoto, nikachomeka hapo taa yangu ndogo ya mezani, ili watazamaji waone nuru ikibaki. Kompyuta ikabaki kulia, peke yake, bila mwizi. Saa sita kamili niliwaita wote. Mafundi wakasimama nusu duara. Shangazi akapewa kiti cha mbele. Mzee Sentimita alikuja na kitambaa kilicholoa maji, eti endapo msomi atawaka moto.

Nilitoa hotuba fupi, dakika kumi na nane. Halafu, ili jaribio liwe na uzito, nikafungua faili la kiungo pamoja na nakala yake iliyoko kwenye akiba, nikayapanga upya yote mawili kwa mpigo mmoja, nikabonyeza kuhifadhi. Kompyuta ikasema: imehifadhiwa. Nikawaambia waone, imehifadhiwa. Nikatembea hadi ukutani kwa hatua za mtu anayejiamini, nikashusha swichi kuu kwa mkono wangu mwenyewe.

Taa ndogo ilibaki ikiwaka. Ilipendeza sana. Iliangaza kompyuta iliyokufa.

Sanduku lilikuwa likilia. Binamu akachukua taa ileile, akainama nyuma ya meza, akasoma. Akasema kaka, hizi tatu za kushoto zina picha ya betri. Hizo zako za kulia zina picha ya radi. Hizo zinazuia umeme mkali tu usiunguze, betri hazina.

Nilitoa tamko papo hapo kwamba picha ndogo kiasi kile ni uvunjaji wa wajibu wa mtengenezaji kwa mteja. Sentimita akaomba aone kijitabu cha maelekezo. Nikamwambia meza ni nzito.

Tukawasha. Kompyuta ikajikagua saa nzima. Faili la majina: zima. Majina 186. Faili la vipimo: zima. Vifua, viuno, mikono, vyote. Faili la kiungo: alama tupu, kana kwamba kuku amekanyaga wino akapita. Nakala yake katika AKIBA SALAMA KABISA: jina lipo, ndani ukubwa sifuri. Ile "imehifadhiwa" ilikuwa maneno tu. Diski haikuwa imeandika kitu cha maana.

Kwa ufupi tuna watu 186 na viuno 186, na hawajuani.

Shangazi akakaa juu ya jora la kitambaa cheupe, kile alichokikopa dukani kwa dhamana ya jina lake. Hakupiga kelele. Nimemfahamu tangu utotoni na sikuwahi kumwona akishindwa kupiga kelele. Alikuwa akipapasa kingo za kitambaa kwa dole gumba, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Mwishowe akaniuliza kama yapo makaratasi.

Sote tukamtazama Sentimita. Sentimita akainua rundo la kola za karatasi zilizokatwa, nadhifu, sentimita haikupotea.

Ijumaa, 10 Mei

Asubuhi nzima tuliunganisha kola. Tulipata majina kumi na moja, na nusu za mengine. Palikuwa na "...atha, kiuno 7..." na upande wa pili mwanya wa shingo. Sentimita akakumbuka watu wawili: msichana mrefu aliyemlazimu yeye Sentimita kupanda kiti ili ampime, na kijana aliyecheka kila alipoguswa mbavu. Kumi na tatu kati ya 186.

Nilileta ufumbuzi. Niliandaa orodha kwa kukadiria: wenye majina marefu wapewe vipimo virefu. Shangazi akaisoma mpaka alipoona yeye angekuwa wapi kwa jina lake fupi, akaikunja.

Kisha akasimama. Akasema kitambaa kimeshanunuliwa, na vipimo ni vya watu wa kweli, viwe na majina visiwe na majina. Zishonwe zote 186. Kila moja itiwe namba kwenye kola. Siku ya kukabidhi, wavae mpaka kila nguo impate mwenyewe. Mwanamke aliyeomba usingizi wa usiku mmoja, akasema, sasa anaomba wa wiki nzima, lakini zitashonwa.

Nilipinga. Nikasema njia hiyo haina msingi wa kisayansi, na kwamba fundi mwenye hadhi hapeleki nguo zikatafute watu kama barua isiyo na anwani. Sentimita akasema katika miaka thelathini kitambaa hakijawahi kumwuliza jina la mtu, kimeuliza kiuno tu.

Na mimi? Mimi nimepewa mkasi mdogo nipunguze nyuzi zilizobaki kwenye mishono. Msimamizi wa Mifumo! Nyuzi!

Jumanne, 14 Mei

Nyuzi.

Umeme umekatika mara mbili. Sanduku langu sasa linaendesha feni ya Sentimita, kwa idhini ya maandishi ya Shangazi, iliyoandikwa nyuma ya tangazo langu. Vidole vina malengelenge. Nguo 97 zimekamilika. Binamu aliniletea plasta, akaniambia kaka, angalau nyuzi zako hazihitaji betri. Sitamjibu. Nimeandika tu.

Jumamosi, 18 Mei

Ukumbi wa chuo, saa mbili asubuhi. Sare 186 zimetundikwa kwenye kamba tulizofunga kutoka dirisha hadi dirisha. Wanafunzi 186 wamerudi alfajiri ya leo kutoka hospitalini wakiwa na usingizi na njaa. Mkuu wa chuo, mama mmoja mrefu, mwenye miwani, mwenye tabia ya kuangalia saa yake ya mkononi kabla ya kuitazama sura ya mtu, amekaa mbele.

Shangazi alikuwa amevaa vizuri kuliko siku ya harusi ya binti wa dada yake. Alikuwa akiikunja na kuikunjua futi ya kupimia.

Nilitoa mpango wa foleni kwa urefu, nikasimama kwenye kiti kuusimamia. Hakuna aliyesikiliza. Walivamia kamba kama mbuzi waliofunguliwa. Kelele! Huyu anavua, yule anavaa, mmoja amekwama kichwa kwenye mkono wa nguo na anaita mama yake. Wakaanza kupimana wenyewe kwa wenyewe: wee, hii haikutoshi, nyonga zako ninazijua mimi, lete hapa. Wanaojuana mabweni wanajuana na viuno. Saa nne, nguo mia moja zilikuwa zimewapata wenyewe. Saa tano, mia moja themanini na nne.

Zikabaki nguo mbili na wasichana wawili. Nguo moja nyembamba, nyingine pana. Kila msichana aliapa kwamba ile nyembamba ndiyo yake. Wa kwanza, mnene kidogo, tayari alikuwa ameivaa, amenyooka kama mlingoti, hapumui. Mkuu wa chuo alitazama saa yake. Kama sare moja tu ingekuwa na kasoro, mkataba ulisema zote zirudishwe.

Mzee Sentimita akamsogelea msichana yule polepole. Hakumpima. Alimvutia kiti, akamwambia mwanangu, umesimama sana tangu asubuhi, hebu keti kidogo.

Akaketi. Kifungo kikaruka, kikagonga miwani ya mkuu wa chuo.

Kicheko kilichofuata kilitikisa madirisha. Msichana mwenyewe alicheka hadi akashika tumbo, akaivua, akampa mwenzake. Nguo zote zikawatosha. Zote! Mkuu wa chuo akafuta miwani yake akasema kwa miaka yote hapo chuoni huletewa sare zilizoandikwa majina, na nusu hazimtoshi mtu. Hizi ni za kwanza kuvaliwa kabla ya kupokelewa. Akamwambia Shangazi aandae mkataba wa kila mwaka. Shangazi akageukia ukutani akajifanya anakunja kamba. Mabega yake yalimsaliti.

Mkuu wa chuo akauliza mbona nguo zina namba badala ya majina. Shangazi alifungua kinywa. Mimi niliwahi. Nikaeleza kwamba ni utaratibu wa makusudi wa usiri: mwili wa mwanafunzi ni siri yake, hivyo majina hayakuruhusiwa kukutana na vipimo katika hatua yoyote. Sentimita alipatwa na kikohozi.

Mama yule kwa mara ya kwanza alinitazama usoni. Akasema ofisini kwake umeme ukikatika alama za mitihani huharibika, na hajapata mtu anayelielewa jambo hilo. Nikampa kadi yangu.

Jumatatu, 20 Mei

Siku ya uamuzi. Shangazi hakunithibitisha. Hakunifukuza pia. Ameniongezea miezi mitatu ya majaribio, kwa masharti kwamba kila kipimo kichapishwe, nakala ya pili ikae kwenye flashi ya Binamu, pamoja na maharusi wote, na kijitabu kitoke chini ya meza. Akasema baba, umenizeesha miaka kumi ndani ya siku kumi, na nguvu za kukupiga sina. Halafu akaniwekea chakula.

Nimeitafakari kadhia hii bila upendeleo. Chanzo cha hasara kilikuwa feni, chaja, wachapaji wa picha ndogo, na watu kukosa imani na mtaalamu kwa wakati. Kwa upande wangu sioni pa kusahihisha, isipokuwa kwamba karakana ni jukwaa dogo mno kwa jambo kubwa kama hili.

Chuo ni jukwaa la kufaa. Mkuu wa chuo amepiga simu mchana. Nimemshauri kwamba alama kutawanyika katika kompyuta za wakufunzi kumi na wanne ni hatari, maana hawezi mtu kulinda milango kumi na minne. Nimemwomba waziweke zote, za miaka mitatu, kwenye mashine moja tu, kisha wafute zilizomo kwao, ili nikifika ulinzi uanze mara moja. Alisita kidogo. Nikamtajia shahada yangu. Amekubali, wakufunzi wanaanza kuhamisha kesho asubuhi.

Tunakutana Jumatano tarehe 22, saa tatu kamili asubuhi, ofisini kwake.